Neno Nililopewa Kulibeba

Nililipwa elfu nne na chupa ya maji
nisimame kati ya mhandisi na watu
katika ukumbi wa shule, Mtongwe, Jumamosi asubuhi.
Feni tatu darini. Moja ndiyo iliyozunguka,
nayo ikilalama kama mwenye deni.

Mhandisi Njagi Kiswahili anacho,
cha kununulia sukuma na kuulizia njia;
cha kupasulia atomu hana, na mimi pia sina.
Usiku kucha nilikuwa na kamusi mapajani
nikizitafutia chembe zake pa kukaa.

Alisema sentensi ndefu. Nikaitafuna, nikatoa fupi:
kuta ni tano, moja ndani ya nyingine,
na ajali kubwa ni moja kwa miaka milioni.
Bi Mejumaa akainua mkono, kucha zina unga wa dengu:
"Hiyo milioni mumeanza kuihesabu lini?
Isije ikawa mwaka huu ndio wa mwisho wake."

Ukumbi ukaangua kicheko.
"Wanasemaje?" mhandisi akaniuliza.
Nikamwambia, wameelewa.

Ikaja zamu ya taka. Zitazikwa, nikafasiri,
chini sana, ndani ya chuma na zege.
Tsuma wa gereji akasimama:
"Kinachozikwa kina matanga. Haya yatakuwa siku ngapi?"
Miaka elfu ishirini na nne, nikajibiwa, nikajibu,
na hapo makali yamepungua nusu tu.
Nusu ile nyingine niliitamka kwa sauti ya chini
kana kwamba ni kosa langu.

Halafu Mwinyihaji, mwenye friji za samaki, naye ana haki:
"Juzi stima imekatika mara tatu.
Nimetupa kilo arubaini za nguru, paka wamenenepa.
Mimi mtambo nautaka.
Ila nataka nimjue atakayeuzima."

Neno lililonishinda halikuwa geni.
Kila sentensi ya mhandisi ilirudi pale pale,
salama, salama, salama,
na sisi huku salama ni jibu la salamu.
Mtu ana homa, mabati yameng'oka,
mume hajulikani aliko tangu Alhamisi,
umuulize hali, atakwambia salama.
Hilo ndilo nililopewa kulibeba,
neno lililochakaa kwa kupishana mlangoni.
Nilipolitua mbele yao walinitazama
kwa adabu.

Mwisho akainuka Riziki Chidzuga,
aliyesukuma kiti cha magurudumu tangu Shika Adabu,
mamake juu yake, leso imefunika magoti.
"King'ora kimelia. Kivuko kimoja kibovu, cha pili kimejaa.
Mimi na mamangu tutavuka saa ngapi?"

Nilianza kufasiri. Mhandisi akanizuia kwa kiganja.
Alifungua jalada, akageuza karatasi, akageuza nyingine, akalifunga.
"Sijui," akasema. Kwa Kiswahili.
Feni ilisikika.
"Sijui, dada. Hilo hatujalipima."

Hakuna aliyepiga makofi.
Lakini Bi Mejumaa alisogeza kiti chake mbele,
na Tsuma, aliyekuwa mlangoni akienda zake,
akarudi akaketi.

Saa saba niliteremka kivukoni, nirudi kwetu Kibokoni.
Nikatazama saa nilipoingia foleni,
nikaitazama tena nilipokanyaga upande wa pili.
Nyuma ya bahasha ya zile elfu nne nikaandika:
dakika hamsini na tatu,
siku ya jua, vivuko viwili vyafanya kazi,
na hakuna aliyekuwa akikimbia.